Simu ya bibi na shule ya kimataifa

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Wengi mmeniuliza kuhusu shule ya kimataifa anayosoma binti yangu huku: inafaa au haifai? Nitajibu, ila niacheni nianzie kwenye simu.

Jumapili moja mama yangu alipiga, nikampa binti simu amsalimie. Ana miaka tisa. Shikamoo, marahaba, vizuri. Bibi akauliza, "Wiki hii mmefundishwa nini?" Kimya. Nikamwona anatafuta maneno, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Akanirudishia simu akaninong'oneza: "Mama, mwambie wewe." Na bibi yake bado anaita, "Haloo? Laini imekatika?"

Laini haikukatika, jamani. Niliikata mimi.

Alipoanza shule alikuwa na miaka sita, Kiingereza hana. Kikao cha kwanza na mwalimu, nimekaa kwenye kile kiti cha watoto, akanishauri kwa upole kabisa: nyumbani ongeeni Kiingereza tu, ashike haraka. Nikatii. Mgeni, tena umemwachia mtu mwanao, utabishana naye? Baada ya miaka miwili mtoto anatiririka, nami nafurahi. Lakini insha zinamshinda, sayansi anaisoma bila kuielewa.

Ndipo nikaanza kusoma mwenyewe. Kuna mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, ameeleza kwamba lugha ya kucheza na wenzake mtoto huipata kwa kama miaka miwili, ila lugha ya vitabu huchukua mitano hadi saba. Na jambo alilolielewa kwa lugha ya nyumbani halipotei, analihamishia kwenye ile mpya. Kumbe Kiswahili hakikuwa kikimzuia. Kilikuwa ngazi yake, nami nikaiondoa. Hilo linaniuma hadi leo.

Shule yenyewe siibezi. Wanafuata mtaala wa International Baccalaureate, kwa kifupi IB, ulioanzia Geneva mwaka 1968, na hatua yake ya msingi ni ya watoto wa miaka 3 hadi 12. Mtoto anafundishwa kuuliza kuliko kukariri, na binti yangu anauliza kweli! Kuhusu ada, waambieni wawaandikie kila kitu kabla hamjasaini: usajili, basi, safari, mitihani. Na muwe tayari kwa marafiki kuondoka, maana wazazi wengi wa shule hizi huhamishwa kikazi. Mwaka jana rafiki yake wa karibu aliondoka, akakaa wiki nzima hataki kumkaribia mtoto mwingine.

Lakini swali la lugha liulizeni kwanza, kabla hata ya ada. Huko mbele, kwenye Diploma ya IB, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo, akajisomea kwa usaidizi wa shule. Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, nao wana mtihani wa Kiswahili wa IGCSE, yaani wa ngazi ya sekondari. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilipouliza, mratibu alinijibu vizuri tu, ila nilikuwa nimechelewa miaka mitatu.

Sasa oneni hili daftari, nalisogeza kwenye kamera. Kushoto kaandika Kiingereza, kulia Kiswahili: mvuke, uvukizi, wingu, tone. Kila jioni ananieleza somo moja kwa Kiswahili, tukikwama tunafungua kamusi. Mwanzoni alilia. Alisema Kiswahili ni cha kusalimia tu, na hayo mawazo sikumlaumu nayo, niliyapanda mwenyewe.

Jumapili iliyopita bibi aliuliza tena lile swali lake. Binti akafungua daftari, akaanza kumweleza maji yanavyopashwa na jua yakapanda, yakawa mawingu, yakarudi mvua. Akakosea neno, bibi akamrekebisha, wakaendelea, dakika ishirini na ushee. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Sikuitwa.