Kompyuta ya Gari Haipimi Mafuta

Mafundi, mnisamehe, naanza na lilelile ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hadi mkachoka. Kompyuta ya gari haipimi mafuta. Inahesabu muda. Inasoma hewa inayoingia, inapiga hesabu zake, kisha inaiamuru nozeli, kile kidude kinachonyunyizia injini mafuta, ifunguke milisekunde nne na ifunge. Kimetoka kiasi gani pale? Haikioni.

Bibi yangu alikuwa na genge la mchele. Mizani hana, ana kibaba. Ukitaka pishi anakuhesabia vibaba vinne, basi. Sasa mwendee usiku, uchukue kibaba chake, umwekee kingine cha sura ileile ila kimezidi robo. Asubuhi atahesabu moja, mbili, tatu, nne, bila kukosea hata mara moja, na genge litafilisika. Ndivyo mnavyoifanyia kompyuta mnapotoa nozeli ya kumwaga cc 440 kwa dakika mkaweka ya 550, halafu mnamwambia mwenye gari, "Tayari bosi."

"Lakini mwalimu, kompyuta inajirekebisha." Nilijua mtaileta hiyo. Ndiyo, inajirekebisha, kwa sensa ya oksijeni, kidude kilichoingia barabarani na Volvo mwaka 1976, kwa hiyo ni kaka wa wengi wenu humu, mkiheshimu. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 hivi za hewa. Mafuta yakizidi, sensa inanusa kwenye ekzosti, kompyuta inapunguza. Kwa nozeli yenu ya 550 itabidi ipunguze asilimia 20 ndipo mambo yakae sawa. Magari mengi yakikaribia 25 yanasalimu amri: taa inawaka, mashine ya kupimia inasoma kodi P0172, yaani mafuta yamezidi. Maana yake umeshamaliza akiba karibu yote kabla gari halijatoka getini. Ikivuja nozeli moja, huna pa kukimbilia.

Na hapo tunazungumzia mwendo wa kwenda sokoni. Ukikanyaga hadi chini, kompyuta nyingi za magari haya haziisikilizi tena sensa ile. Zinafuata jedwali la kiwandani, lililoandikwa kwa nozeli ndogo.

Mwaka jana nililetewa gari la turbo lenye nozeli kubwa namna hiyo. Kijana ameelekezwa na fundi wake kwamba taa ikiwaka achomoe betri dakika kumi. Na kweli taa inazimika! Umeifutia kompyuta kila ilichojifunza, inaanza upya kumwaga. Nikachomoa dipstiki. Oili nyepesi kama chai ya rangi, inanuka petroli. Nilinawa kwa sabuni mara mbili na bado mke wangu akaniuliza nimeanza lini kazi sheli. Plagi zote nne zina masizi kama kitako cha sufuria ya kuni. Petroli imeosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinasuguana nazo chuma kwa chuma. Naye ananiambia, "Lakini fundi, sasa lina nguvu." Nguvu! Hata mwenye malaria ana joto.

Ukibadilisha nozeli, iandikie kompyuta kipimo kipya. Na si ukubwa tu. Nozeli haifunguki papo hapo. Inachelewa karibu milisekunde moja, na umeme ukishuka inachelewa zaidi. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa, nozeli inafunguka milisekunde mbili, tatu, kwa hiyo ukikosea uchelewaji huo kidogo tu, gari linatetemeka kwenye foleni hata kama barabara kuu linakwenda vizuri.

Pampu nilitaka niisemee nusu saa, ila mwenyekiti anaangalia saa. Basi haraka: pampu kubwa kwenye waya mwembamba wa zamani ni kazi bure, pimeni volti palepale kwenye pampu, injini ikiwa na mzigo. Na ninyi mnaopandisha presha kutoka baa 3 hadi 4 mkidhani mafuta yameongezeka theluthi, yameongezeka asilimia 15 hivi. Ni kipeuo cha pili, kile mlichokikimbia shuleni. Masega ya ekzosti, yale ya kusafishia moshi, nayo yanaungua kwa mafuta yaliyozidi, hilo siku nyingine.

Nani kauliza kuhusu kufuta kodi, zile namba za hitilafu? Kodi ya injini ni kama ya mapato, ukijifanya huioni inakufuata nyumbani. Haya, tutokeni nje, lile gari jeupe lina nozeli mpya na bado sijaliandikia kitu. Mmoja aliwashe, wengine mtazame kwenye mashine namba za marekebisho ya mafuta zinavyoshuka.