Kugema mepo na kupika shira nyumbani

Haya, karibuni tena nyuma ya nyumba, hapa Vermont, Marekani. Mwezi wa tatu huu na theluji bado iko magotini. Babu yangu kule Pemba alikuwa mgema, anapanda mnazi na kibuyu kiunoni. Mjukuu wake anagema amesimama chini, na glavu kavaa.

Mti wenyewe ni huu, mepo ya sukari. Unene usipungue sentimita 30. Ukiwa mwembamba, uacheni ukue. Usiku pagande, mchana payeyuke, ndipo unapotoa maji. Alfajiri ilikuwa digrii 5 chini ya sifuri, sasa 6 juu. Safi kabisa.

Keekee, biti ya milimita 8. Toboa sentimita 4, tundu lielekee juu kidogo ili maji yatiririke kuja nje. Vumbi la mbao liwe jeupe. Likiwa la kahawia, hapo pamekufa, sogea pengine. Gonga koki... tk, tk, tk... mmesikia sauti imebadilika? Basi, ukizidisha mti unapasuka. Ndoo, kifuniko, tumemaliza. Nionje... kama maji yaliyotiwa sukari na bahili.

Haya, leo Jumamosi. Miti minne imenipa lita 40, nimezichuja. Zitatoa shira kama lita 1 tu, zilizobaki ni mvuke, kwa hiyo pikeni NJE. Mwaka wa kwanza nilipikia jikoni, kuta zikanata, na mama watoto hajasahau.

Kuni zinawaka tangu saa moja asubuhi, sasa saa tisa. Povu likipanda, tone la siagi, linatulia. Ah, kamera imejaa mvuke... ngoja nifute. Mnaniona?

Sasa nisikilizeni. Yakibaki kidogo, hamishia sufuria ndogo, jikoni, moto mdogo. Kwanza pima maji ya kawaida leo yanachemka digrii ngapi, maana hubadilika na hali ya hewa. Kisha ongeza digrii 4, ikifika hapo shira imeiva. Kwangu yamechemka 99, natafuta 103. Na MSIONDOKE. Mwaka juzi nilipokea simu kutoka Wete, na salamu zetu mnazijua, hujambo mpaka ya mbuzi. Narudi, moshi mtupu, sufuria nyeusi, kazi ya siku mbili imekwenda. Msiondoke! Simu iite mpaka ichoke.

101... 102... inakwenda mbio sasa... wewe, mtoe paka hapo!... 102 na nusu... msiondoke... zima! Zima!

Ichuje ingali moto, kwa kitambaa kizito cha sufu. Mchanga huu unaobaki kwenye kitambaa si uchafu, ni madini ya mti. Jaza chupa haijashuka chini ya digrii 82, funga. Miti ikianza kuchipua, ng'oa koki. Shira ya wakati huo ina ladha mbaya.

Watu wa hapa huimwagia chapati zao nene za maziwa. Mimi nina kaimati, zimetoka mafutani sasa hivi. Namimina... oneni inavyong'aa. Mmh. Ngojeni kwanza, nina kitu mdomoni.