Kipindi cha 23: Saa Nne Ipi?

AKINYI: Inarekodi? Haya. Hamjambo wapenzi, tuko palepale Kondele, na leo Barasa amekuja na sura ya mfiwa.

BARASA: Si nimefiwa? Siku 41, Akinyi.

AKINYI: Mnaikumbuka ile programu yake ya kuhesabu siku anazojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ile aliyotuimbia vipindi vitatu.

BARASA: Jumatano asubuhi nafungua kibanda, mteja wa M-Pesa hata mmoja hajafika, naingiza ya jana yake. Inaniandikia, "Mfululizo: siku 0." Na chini yake, kwa sababu nilijiona mjanja siku ile naiandika, "Pole, mwanangu."

AKINYI: (anacheka) Umejipa pole mwenyewe!

BARASA: Na Jumanne nilisoma! Daftari hili hapa. Jumatatu, saa nne, alama nyekundu. Jumanne, saa kumi na mbili, alama nyekundu.

AKINYI: Hili doa je?

BARASA: Samaki. Nisikize. Jumanne stima ilikuwa inakuja na kwenda, nikaona nisome jioni mapema kabla chaji haijaisha. Kutoka Jumatatu usiku hadi hapo ni saa 20 tu. Na programu nimeiruhusu pengo la saa 30 kabla haijakata mfululizo. Siku nzima, na saa sita za huruma.

AKINYI: Kwenye programu uliandika nini?

BARASA: Kilichoko kwenye daftari. Nne. Halafu kumi na mbili.

AKINYI: Barasa. Nne?

BARASA: Nne.

AKINYI: Nne ya kompyuta ni saa kumi alfajiri! Kumi na mbili yake ni saa sita mchana. Uliiambia umesoma Jumatatu kabla jogoo hajawika, ukarudi Jumanne wakati wa chakula. Saa 32 hizo.

BARASA: Ndiyo nimekuja kuligundua. Na uchungu ni kwamba tangu siku ya kwanza ilikuwa inakosea. Lakini mimi nafunga kibanda saa tatu, nasoma saa nne, kila siku. Nne hadi nne, saa 24, hakuna neno. Kosa limekaa humo ndani kimya kama mpangaji asiyedaiwa, hadi siku nilipobadilisha saa.

AKINYI: Kwani kompyuta haina saa yake yenyewe? Si ungeiachia isome?

BARASA: Yangu? Ile betri ndogo ya mviringo ilikufa zamani. Ukiizima, ikiwaka inakuambia ni 2009.

AKINYI: Basi ongeza sita uende nyumbani.

BARASA: Ongeza sita kwa nne, unapata kumi. Kumi ya kompyuta ni saa nne asubuhi. Mimi nilisoma usiku. Hapo lazima uongeze 18.

AKINYI: Kwa hiyo iulize, asubuhi au usiku?

BARASA: Nimeiwekea hilo swali. Sasa saa kumi na moja alfajiri utaiita asubuhi au usiku?

AKINYI: Alfajiri.

BARASA: Programu haina alfajiri!

AKINYI: Iwekee. Halafu ngoja, bado hujakutana na shangazi yangu aliyeolewa Mombasa. Kwake siku inaanza jua likitua. Ukimwambia "usiku wa Ijumaa" anakuja Alhamisi, na anakukuta unafua.

BARASA: Sasa kwa shangazi, Jumatatu yangu saa nne usiku ni...

AKINYI: Usiku wa Jumanne. Na ile ya saa kumi na mbili jua la Kisumu lilikuwa bado halijatua. Jumanne umesoma mara mbili.

BARASA: Mpe shangazi laptopu!

AKINYI: Wenye kompyuta nao si afadhali. Mifumo mingi inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich. Sisi huku ilikuwa saa tisa usiku. Ndiyo maana simu ikipotelewa na tarehe inaweza kukuonyesha 1970, saa tisa usiku.

BARASA: Saa tisa usiku. Hata wachawi wamelala.

AKINYI: Kwa hivyo tulikuwa na mambo matatu ya malengo...

BARASA: Kwanza niambie. Nirudishe 41, au nianze moja?

AKINYI: Utupe hesabu yote. GitHub wenyewe, ule mtandao ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, walikuwa wanawaonyesha watu mfululizo wa siku zao, wakauondoa 2016. Siku 41 umemaliza nini?

BARASA: Programu.

AKINYI: Programu ya kuhesabu siku ulizoandika programu ya kuhesabu siku.

BARASA: Na inafanya kazi! Karibu. Wewe lengo lako lilikuwa nini? Programu ya hesabu za omena za mama pale soko la Kibuye, iwe tayari Sikukuu ya Madaraka. Madaraka ya mwaka gani, Nyar Kisumo?

AKINYI: Nimefika mahali pagumu. Mama anauza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kuna mteja wa kuongezwa juu na kuna wa kusawazishiwa. Hilo ni tatizo la kweli, linanifundisha.

BARASA: Linakufundisha lini? Mara ya mwisho uliifungua Februari. Mimi bila ile namba nikifunga kibanda nalala. Namba ndiyo inanikalisha kitini.

AKINYI: Inakukalisha, sawa. Kuna siku ulisema uliandika mstari mmoja ukiwa kitandani, ukaweka alama nyekundu.

BARASA: Mstari mmoja ni mstari.

AKINYI: Si kujifunza huko. Ni kupiga muhuri.

BARASA: Na lengo kubwa lisiloguswa ni nini?

AKINYI: Limepumzika.

BARASA: Haya.

AKINYI: Haya.

BARASA: ...Mimi narudisha 41.

AKINYI: Rudisha, daftari ni lako. Mimi nasema ni sifuri, na ilikuwa sifuri tangu siku ya kwanza.

BARASA: Hatukubaliani.

AKINYI: Hatutakubaliana. Na fundi hapo mlangoni anatuonyesha saa, kuna kwaya inangoja chumba. Yale mambo matatu...

BARASA: La kwanza lilikuwa lipi?

AKINYI: "Andika lengo linalopimika." Yaache. Ujumbe wenu pia tutausoma wiki ijayo, samahani. Mimi nakimbia Kibuye kabla mama hajafunga.

BARASA: Anafunga saa ngapi?

AKINYI: Usianze.