Airisi ya Siberia: mizizi isikauke jamani

Kamwene! Mlionisikia Mafinga mnajua naanzia wapi, naanzia kwenye mizizi. Airisi ya Siberia, hili ua la bustani, sio ile ya majani mapana mnayoijua, ile tunguu lake, yaani shina nene la chini, unaliacha mgongo wazi lipigwe na jua na inafurahi. Hii majani yake membamba, marefu, na mizizi yake ikikauka imekwisha. Sasa mtu analetewa vipando, anavitupa barazani siku tatu anatafuta kijana wa kuchimba, afu vikifa anasema udongo wetu haufai. Haufai vipi? Udongo wa huku una uchachu, ndo huo huo chai ya Mufindi inaoupenda, na airisi hii nayo inataka uchachu kidogo. Udongo msiusingizie! Vikifika loweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi fukia sentimita 3 hadi 5, shindilia, mwagilia. Panda mvua ya Desemba ikishashika, ili ikifika Juni kiangazi kinaanza mizizi imeshakwenda chini, na hata hapo weka matandazo ya nyasi na uendelee kumwagilia mpaka mvua zirudi, mwaka wa kwanza usiionee huruma ndoo.

Kuna mtu hapo anawaza, basi si nikapande kwenye kinyungu, kile kibustani cha bondeni, maji yako kule kule. Hapana kaka. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na haya maji yetu kuna watu Usangu na Ruaha Mkuu wanayasubiri. Halafu hii inataka unyevu, haitaki kuogelea, maji yakituama shingoni inaoza. Panda nyumbani, maji ya kuoshea mboga yanatosha.

Baridi inaitaka kweli, isipoipata unaweza kubaki na majani matupu, kwahiyo wa Kyela kwenye joto msihangaike, ila Makete na Njombe kwenye sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, ya Juni na Julai jaribuni bila woga.

Naona naoneshwa saa. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbegu zinataka kukaa friji kwenye mchanga wenye unyevu wiki 6 mpaka 12 ndo uzisie. Shina likijaa katikati likawa tupu, ng'oa ugawe. Ua mwaka wa kwanza msilidai. Vipando viko nyuma ya gari kwenye magunia yaliyolowa, mama zangu chukueni, ila gunia lisifunguliwe mpaka shimo liwe tayari.