"Dada, mbona unatuonyesha marefa tu?" Leo nawajibu

Haya. Hili swali limekuja tena kwenye video iliyopita, na ile ya kabla yake, na sasa limehamia kwenye WhatsApp ya familia. "Dada, uko Uingereza, nchi ya mpira, unatuonyesha mshika kibendera kwenye kiwanja cha watu mia mbili? Si uende Old Trafford?" Mwingine kaandika najidai, kila Jumamosi niko viwanjani wakati wenzangu wanahangaika. Chini yake mwingine anasema mimi ni wa kulalamika tu, kama maisha magumu nirudi. Sasa elewaneni kwanza wenyewe huko.

Kuhusu Old Trafford, jibu ni hela. Mimi nalea wazee kwa zamu, hapa Sheffield. Tiketi ya Ligi Kuu, nauli ya treni, na kula huko huko, hiyo ni hela ya kumlipia mdogo wangu ada, na yeye mwenyewe anatazama hizi video kwa hiyo nachunga maneno. Kwenye ligi za chini kiingilio ni pauni nane, kumi, kumi na mbili, inategemea daraja. Na tafadhali msizidishe kwa shilingi, maana mkishazidisha mnanitumia namba za M-Pesa.

Ila hata ningekuwa na hela bado ningekuja huku. Mnakiona hiki kiwanja nyuma yangu? Sandygate, cha klabu ya Hallam. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wanakitambua kuwa kiwanja kikongwe zaidi cha soka duniani. Tarehe 26 Desemba 1860 Hallam walicheza hapa na Sheffield FC, klabu ya mwaka 1857. Na bado kina mteremko ule ule. Sitanii, kuna upande unashambulia ukiwa unapanda kilima.

Ukisimama hapa kwenye reli, hiki chuma kinachozunguka kiwanja, mshika kibendera, yule refa msaidizi wa pembeni, anapita hatua mbili mbele yako. Unamsikia anavyohema. Na ukimwangalia yeye badala ya mpira utashangaa, kwa sababu na yeye hauangalii mpira. Kazi yake ni kukaa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kipa naye akihesabiwa, au sambamba na mpira ukishampita huyo beki. Kwa hiyo anatembea kiubavubavu kama kaa, kifua kimeelekea uwanjani, akikata mbio tu pale mtu anapotoroka. Sasa pasi inapigwa mita arobaini nyuma, na macho yake yako kwenye mstari wa mabeki. Atajuaje sekunde ambayo mpira umepigwa? Anasikiliza! Buti likigonga mpira, hapo hapo anaamua nani yuko wapi. Uwanja ukiwa na watu elfu sitini wanaimba sauti hiyo huisikii. Hapa unaisikia na wewe.

Halafu akishaona mtu kaotea, yaani pasi inapigwa na yeye yuko karibu na goli la wapinzani kuliko mpira na kuliko huyo beki wa pili kutoka mwisho, hanyanyui kibendera hapo hapo. Kusimama mahali pa kuotea peke yake siyo kosa, lazima mtu aingilie mchezo. Kwa hiyo anasubiri aone nani anaufuata mpira, na katika kusubiri huko ndipo matusi yanapoanza, maana babu wa hapa jirani yangu ameshapiga kelele zamani. Kibendera kikipanda kinasimama wima kwanza. Refa akipuliza ndipo kinaelekezwa: juu kidogo kama kosa limetokea upande wa mbali, usawa wa bega kama ni katikati, chini kama ni upande wake huyo mshika kibendera. Wengi wetu tumetazama mpira miaka yote na hilo hatujawahi kuliona.

Angalieni pia nyasi. Refa anakimbia mshazari, kona hadi kona, na wasaidizi wake kila mmoja ana nusu yake ya mstari. Ikifika Februari, mvua imepiga, kile kipande cha pembeni kimegeuka tope kabisa, na nusu nyingine ya mstari ule ule bado ina majani. Mimi vitu kama hivyo vinanifurahisha, mnisamehe.

Mnaonijua tangu Morogoro mnajua hii imetoka wapi. Nilishika kibendera UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, nikaendelea kwenye mashindano ya mtaani. Posho ikawa "wiki ijayo, binti." Wiki ijayo hiyo mpaka leo haijafika. Mtu mmoja, simtaji, aliniambia mwanamke akichezesha anapunguza ladha ya mechi, na jioni yake akanituma chai. Na huyo huyo juzi kanitumia ombi la urafiki Facebook! Wakati nchi hiyo hiyo ina Jonesia Rukyaa aliyewahi kuchezesha Simba na Yanga. Tuache, nitapandisha presha.

Na msidhani huku ni peponi. Uriah Rennie, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia hapa hapa Sheffield, alikuwa refa wa kwanza mweusi Ligi Kuu ya England mwaka 1997. Alichezesha huko hadi 2008. Wa pili, Sam Allison, aliyekuwa zimamoto, tulimpata tarehe 26 Desemba 2023. Hesabuni wenyewe. Siku tatu kabla yake Rebecca Welch akawa mwanamke wa kwanza kupuliza kipyenga Ligi Kuu, Fulham na Burnley. Naye alianzia kwenye hivi viwanja vya chini mnavyovicheka.

Matusi yapo sana. Kwenye ligi za chini zaidi, mchezaji akimbishia refa anaweza kupewa kadi ya njano na kutolewa nje dakika kumi, kisha anarudi. Utaratibu huo ulienea mpira wa chini wote msimu wa 2019/20. Mwaka 2023 chama cha mpira cha England wakaanza kuwajaribisha marefa wengine kamera za kifuani, kama za polisi, wakianzia Middlesbrough. Mtu anachezesha mechi ya mafundi bomba Jumapili asubuhi na anahitaji kamera. Fikirieni.

Sasa wale wa "dada niunganishie, na mimi ni refa." Nisikilizeni vizuri, na hii ni kwangu mimi, wewe hali yako ni yako, na mimi siyo mwanasheria. Kozi unalipia. Ukiwa mtu mzima wanataka uchunguzi wa rekodi ya uhalifu, unaulizwa anwani zako zote za miaka mitano. Haya, mimi niliyehama vyumba kila mwenye nyumba alipopandisha kodi, nikae nikumbuke namba ya mlango ya nyumba niliyolala miezi miwili! Na anwani ya nyumbani je? "Nyuma ya msikiti, uliza kwa Mama Salma" haiingii kwenye fomu.

Ukipita hapo, kuna viza. Malipo ya refa wa mechi za chini kwa kawaida yanahesabiwa kama ya mtu aliyejiajiri. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, basi. Sisi tulioletwa na mwajiri nasi karatasi zinasema kazi zipi unaruhusiwa, na mimi sitahatarisha viza kwa ajili ya pauni arobaini au hamsini za Jumapili. Ndiyo maana mnaniona kwenye reli, na siyo upande wa pili. Wenye makazi ya kudumu hawana shida hiyo, wanachezesha, na kipato chote cha pembeni kikizidi pauni elfu moja kwa mwaka wa kodi wanaandikisha kwa watu wa kodi.

Wakala akikuambia kuna "viza ya refa" kwa milioni kadhaa, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi. Kijana mmoja wa Kihonda, kule Morogoro, kaniandikia ameshatoa nusu. Nimemwambia aende polisi, akanijibu nina wivu.

Na wewe uliyeandika "dada rudi utuchezeshee ndondo", zile mechi za mtaani, nimekupenda bure. Tuma nauli ya ndege, na posho mkononi kabla sijavaa viatu.