Fundi aliyezimwa: jeni moja inavyotabiri safari ya mgonjwa wa saratani ya ubongo

Haya jamani tuanze, wa huko nyuma msiponisikia nyoosheni mkono. Nimeombwa niongelee alama za epijenetiki kwenye saratani, yaani zile zinazowasha au kuzima jeni bila kubadili herufi zake, ila zote sitazimaliza hata tukikesha, kwa hiyo nitang'ang'ana na moja tu, ya jeni inaitwa MGMT, ukiielewa hiyo zingine hazitakusumbua sana.

Msingi kwanza, chapchap. Seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile, ila kila moja inasoma kurasa zake. Kinachoamua ukurasa upi ufungwe, mara nyingi ni kitu kidogo sana kinaitwa methili, kaboni moja na haidrojeni tatu basi, kinabandikwa juu ya herufi C ya DNA pale inapofuatwa na G. Zikirundikana mlangoni mwa jeni, yaani pale usomaji wake unapoanzia, jeni inanyamaza. Ipo, nzima kabisa, ila haisomwi. Na saratani inauchezea huu utaratibu vibaya mno, mwaka 1983 watafiti Feinberg na Vogelstein walionyesha DNA ya uvimbe imepungukiwa methili, baadaye ikaonekana kwamba uvimbe huohuo unazijaza pengine, kwenye milango ya jeni za breki, zinazozuia seli kukua ovyo, na za ukarabati wa DNA.

Sasa MGMT ni fundi wa ukarabati. Herufi G ikishikwa na uchafu fulani, yeye anaung'oa na kujibandika mwenyewe, na hautoki tena, seli inamtupa. Fundi mmoja kazi moja, imeisha hiyo! Ndo maana idadi ya mafundi ni muhimu.

Wagonjwa wa glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo kali sana, wanapewa dawa ya temozolomaidi. Dawa hii inafanya nini? Inachafua G zilezile, tena kwa methili (najua inachanganya, methili ya dawa inakaa juu ya G na inaua, ile ya mlangoni inakaa juu ya C na inazima, msizichanganye). Dawa inaharibu, fundi anatengeneza. Uvimbe wenye mafundi wa kutosha unaicheka dawa. Uvimbe uliomzima fundi wake, pengine kwa faida zake enzi unajijenga, unajikuta hauna wa kumwita.

Mwaka 2005 mtafiti Hegi na wenzake walitoa matokeo ya uvimbe wa wagonjwa 206, kama asilimia 45 mlango wa MGMT ulikuwa umefungwa. Kwa hao waliofungwa, nusu ya waliopata mionzi pamoja na dawa waliishi zaidi ya miezi 21.7, wa mionzi tu 15.3. Ambao mlango uko wazi? 12.7 kwa mionzi na dawa, 11.8 kwa mionzi tu. Yaani dawa imeongeza kama mwezi hivi, basi.

Hapo kuna maswali mawili watu wanayachanganya kila siku, hata madaktari wenzangu. La kwanza, huu ugonjwa utakwendaje? La pili, hii dawa itamfaa huyu? MGMT inajibu la pili vizuri sana. La kwanza inagusa pia, ona 15.3 na 11.8 kwa watu wa mionzi tu, lakini wengi wao walikuja kupewa dawa ugonjwa uliporudi, kwa hiyo mimi hiyo tofauti siibebi yote kama ilivyo.

Tunaionaje sasa hiyo alama? Angalieni ubaoni, nimeandika ACGTCCG. Tunaimwagia kemikali inaitwa bisulfaiti, kila C isiyo na methili inageuka na mashine inaisoma kama T, yenye methili haiguswi. Mlango uliofungwa utasomeka ACGTTCG. Ulio wazi, ATGTTTG. Hapa mtu anafurahi anadhani kazi imekwisha, kumbe kipande cha uvimbe kina seli za kawaida ndani, mishipa, seli za kinga, na hizo nazo zinachangia herufi zake, halafu methili asilimia ngapi ndo useme "umefungwa"? Maabara hii na ile hazikati palepale, na wanaoangukia katikati ndo wanaotunyima usingizi.

Ndio mama, uliza. Anauliza kama mlango ukiwa umefungwa mgonjwa atapona. Hapana mama yangu, naomba tusidanganyane. Hiyo 21.7 maana yake nusu walikuwa wameshafariki kufikia hapo, na nusu nyingine walikwenda mbele, wengine mbali kidogo, majibu ya maabara hayasemi mgonjwa wako yuko nusu ipi.

Faida yake utaiona zaidi kwa mzee ambaye mwili hauwezi kubeba mionzi na dawa kwa pamoja. Majaribio mawili ya Ulaya ya mwaka 2012 yaliwaangalia wazee: mlango ukiwa umefungwa, dawa peke yake inaweza kumtosha, ukiwa wazi ni heri mionzi. Kwa hiyo mkikaa na familia ya mzee wa namna hiyo, kabla hamjabishana kuhusu mionzi, ulizeni kwanza majibu ya MGMT yametoka au bado.