Injini Sita Bandani: Mhadhara Kuhusu Reli ya East Broad Top

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Walioniita wameniomba nizungumzie injini za mvuke, na najua wengi mlitarajia nianzie Mombasa. Mtanisamehe, leo nawapeleka mbali: kwenye milima ya kusini-kati ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, kulikokuwa na reli ndogo ya makaa ya mawe iitwayo East Broad Top. Mwaka 1956 reli hiyo ilifungwa. Injini zake sita za mvuke ziliingizwa bandani, moto ukazimwa, milango ikafungwa. Nne ziliwashwa tena miaka ya baadaye. Mbili, namba 16 na namba 18, zikabaki baridi kwa zaidi ya miaka sitini, ndani ya banda lilelile walimoziacha.

Sasa, injini za mvuke zilizosahauliwa Marekani si jambo geni. Ziko zilizoachwa msituni Maine, ziko zinazooza kwenye bustani za miji midogo, watoto wanazipanda Jumapili. Ajabu ya East Broad Top ni kwamba kila kitu kilibaki pamoja. Injini zipo, banda lipo, karakana ipo na mashine zake, mabehewa yapo, na sehemu kubwa ya njia yenyewe ipo. Nikauliza: nani alikiokoa chote hiki? Nilipofuatilia historia yake niligundua kwamba, kwa muda mrefu sana, hakuna aliyekuwa na mpango wa kuokoa chochote.

Tuanze mwanzo, na nitapita haraka. Kampuni ilipewa kibali mwaka 1856, lakini ujenzi haukuanza hadi 1872. Mwaka 1874 reli ilifika Robertsdale, kwenye machimbo ya makaa ya eneo la Broad Top, yapata kilomita 53 kutoka Mount Union. Upana wake ulikuwa futi tatu, yaani milimita 914. Reli yetu ya zamani, hii ya mita moja ambayo vijana wa SGR wanaidharau, ni pana kuliko hiyo. Waliichagua nyembamba kwa sababu ile ile iliyowafanya wakoloni wachague nyembamba huku kwetu: milima ni mingi, fedha ni chache, na reli nyembamba inakata kona kali bila kudai tuta pana wala daraja kubwa. Hata hivyo ilibidi watoboe mahandaki mawili, la Sideling Hill na la Wrays Hill.

Shida ilikuwa Mount Union. Hapo ndipo reli ndogo ilipokutana na reli kubwa ya Pennsylvania, ya milimita 1435. Behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Reli nyembamba nyingi za Marekani ziliuawa na jambo hilo hilo: gharama ya kuhamisha mzigo kutoka behewa hadi behewa ilimeza faida yote. East Broad Top walinusurika vipi? Mwaka 1927 palijengwa Mount Union mtambo wa kusafisha na kuchambua makaa. Makaa yale yalikuwa na mawe mengi, kwa hiyo lazima yamwagwe, yaoshwe, yapangwe kwa ukubwa. Kama lazima yamwagwe, basi yakitoka yanaingia moja kwa moja kwenye behewa la reli kubwa. Tofauti ya upana ikawa haina gharama tena. Hawakuiondoa shida, waliipangia kazi mahali ambapo kazi ingefanyika kwa vyovyote. Mimi nikiwa na wanafunzi wa uhandisi huwa nawasimulia kisa hicho kabla ya chochote kingine.

Na kwa mizigo isiyo makaa walikuwa na winchi kubwa iliyowekwa awali kwa kuhamisha mbao. Behewa la reli kubwa linaingia chini yake, linainuliwa upande mmoja, bogi pana, yaani fremu zenye magurudumu, zinatolewa, bogi nyembamba zinaingizwa. Kisha linavutwa kuelekea milimani, kubwa kupita kiasi juu ya njia nyembamba. Picha zake zinachekesha, lakini lilikuwa likifika.

Nasema haya ili muelewe kwamba haikuwa reli ya kimaskini tangu mwanzo. Kuanzia 1913 walijitengenezea wenyewe mabehewa ya chuma ya kubebea makaa, kwenye karakana yao ya Rockhill Furnace, wakati ambapo reli nyingine nyembamba bado zilikuwa zinapigilia mbao. Mwaka 1927 waliunda gari la abiria la injini ya petroli na mota za umeme, M-1, ambalo lipo hadi leo. Na injini za mvuke walinunua mpya, moja baada ya nyingine: namba 12 mwaka 1911, namba 14 mwaka 1912, 15 mwaka 1914, 16 mwaka 1916, 17 mwaka 1918 na 18 mwaka 1920. Namba 13 hakuna, na sababu yake mnaweza kuikisia. Zote ni za aina moja kimsingi: magurudumu mawili madogo mbele, manane ya kuvuta katikati, mawili nyuma yanayobeba tanuri. Hayo mawili ya nyuma ndiyo siri yake, kwa sababu yanaruhusu tanuri liwe pana na kuchoma makaa mengi kwa wakati mmoja.

Zote sita zilitoka kiwanda kimoja, Baldwin, cha Philadelphia. Jina hilo wazee wa reli hapa wanalijua. Reli ya Uganda ilipokuwa inajengwa na injini hazitoshi, viwanda vya Uingereza vilikuwa vimezidiwa na kazi, basi mwaka 1899 na 1900 Baldwin walileta injini 36 za magurudumu sita ya kuvuta na mawili ya mbele. Kwa hiyo mikono iliyotengeneza namba 12 huenda ilikuwa ya mafundi waliowahi kupiga ribiti za injini zilizopanda kutoka Mombasa kwenda ziwani. Kiwanda hicho kiliwahi kutengeneza injini zaidi ya elfu sabini. Kikaacha kutengeneza injini za treni mwaka 1956, mwaka uleule East Broad Top ilipofungwa.

Na mwaka huohuo, huku kwetu? Meli zilikuwa zinashusha Kilindini injini za daraja la 59 kutoka Manchester, 34 kwa jumla, kubwa kuliko injini yoyote ya mvuke iliyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Sisi tulikuwa tunaingia kwenye kilele cha mvuke wakati wao wanauzima. Kati ya zile 34 zimebaki mbili, Nairobi. Nyingine zilikwenda kwa wakata chuma. Hesabu hiyo muiweke kichwani.

Kilichoiua East Broad Top hakikuwa barabara wala ndege. Ilikuwa inaishi kwa makaa, na makaa yakakosa wanunuzi. Nyumba zikahamia kwenye mafuta na gesi. Reli kubwa, ambazo zilikuwa wateja wakubwa wa makaa, zikanunua injini za dizeli. Viwanda vya matofali ya kuhimili moto vya Mount Union vilisaidia kwa muda, lakini havikutosha. Machimbo yakafungwa na reli ikafungwa nayo. Na kwa sababu biashara ilikuwa inadidimia, kampuni haikuwahi kuwa na sababu ya kununua dizeli. Hapo ndipo bahati ya kwanza ilipo. Reli zilizokuwa na fedha zilibadilisha injini mapema, za mvuke zikayeyushwa. Hii ilikufa ikiwa bado na mvuke, na injini zake zote zilikuwa ni za mvuke siku ya mwisho.

Bahati ya pili ni mnunuzi. Aliyeinunua reli nzima mwaka 1956 alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, Nick Kovalchick. Kazi yake ilikuwa kununua vitu vya namna hii na kuvikata. Reli za chuma za kilomita zaidi ya hamsini, mabehewa ya chuma kwa mamia, injini sita: hiyo ni fedha iliyolala chini. Hakuikata. Mwaka 1960 miji pacha ya Orbisonia na Rockhill Furnace ilikuwa inaadhimisha miaka mia mbili, wakamwomba aonyeshe treni. Akaitengeneza namba 12 na namba 15, akafungua kipande cha kilomita saba hivi kwa watalii, na abiria wakaja. Sherehe zikaisha, treni ikaendelea kutembea kila msimu wa kiangazi. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ikaitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Watu hupenda kumsifu Kovalchick kama mtakatifu wa reli. Mimi namsifu, lakini kwa kipimo. Familia yake iliulinda ule mlango kwa zaidi ya miaka sitini, na hilo si dogo. Upande wa pili, paa zilivuja, mataruma yakaoza, na kwenye yadi ya Mount Union miti ilikua katikati ya mabehewa ya makaa hadi pakawa msitu wenye mabehewa ndani. Utalii wa kilomita saba haulipi gharama za kilomita hamsini na tatu. Mwaka 2011 treni zikasimama tena.

Hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu watu huuliza: kama injini ipo na reli ipo, si uwashe tu moto? Injini ya mvuke ina tanuri, na juu ya tanuri kuna bamba la chuma ambalo ni paa lake. Chini ya bamba hilo ni moto, juu yake ni maji. Maji ndiyo yanayolinda chuma. Yakishuka chini ya bamba hata kwa dakika chache, chuma kinalainika, mvuke unalisukuma bamba chini kwa nguvu zote za boila. Ni sufuria iliyokaukiwa na maji, ila sufuria hii ina shinikizo na watu wawili wamesimama mbele ya mdomo wake. Mwaka 1995, huko huko Pennsylvania, karibu na Gettysburg, injini ya treni ya watalii ilipata ajali ya namna hiyo. Watu watatu waliokuwa kwenye kibanda cha dereva waliungua. Uchunguzi ulirudi kwenye jambo dogo la kuudhi: bomba la kioo linaloonyesha kiwango cha maji, na matunzo yake. Kanuni mpya zilianza kutumika mwaka 2000. Sasa kila siku 1,472 za kazi, au kila miaka 15, lolote litakalotangulia, injini lazima ivuliwe. Mabomba yanatolewa, boila linapimwa unene wa chuma chake kipande kwa kipande, na hesabu za nguvu zake zinaandikwa upya. Kwa reli ndogo, gharama hiyo ndiyo inayofunga milango.

Februari 2020 taasisi isiyo ya faida iliinunua East Broad Top. Miongoni mwa waliokuwa nyuma yake ni Wick Moorman, aliyewahi kuongoza Norfolk Southern, kampuni kubwa ya reli za mizigo, na kisha Amtrak, ya treni za abiria, pamoja na Henry Posner III na Bennett Levin, watu wanaoijua reli kwa mikono na kwa vitabu vya hesabu. Injini waliyoamua kuifufua kwanza ilikuwa namba 16. Mwanzoni mwa 2023 ikatembea kwa mvuke wake yenyewe, mara ya kwanza tangu 1956.

Wengi wanaiangalia injini. Mimi ningewaelekeza macho nyuma yake, kwenye karakana. Rockhill Furnace bado ina karakana ambayo mashine zake zinaendeshwa kwa mikanda kutoka mhimili mmoja mrefu darini, na mhimili huo ulikuwa unazungushwa na injini ya mvuke iliyosimama mahali pamoja. Kuna kibanda cha wahunzi, kuna sehemu ya kusubu chuma. Reli hii haikuwa inaagiza vipuri ilipoharibikiwa, ilivifinyanga. Ukiwa na injini peke yake una sanamu. Zile zetu mbili za Nairobi ni nzuri sana, lakini karakana ya kuzirudisha relini ingeanzia sifuri: mashine zake, vipimo vyake, na mtu wa kumwonyesha kijana jinsi ribiti inavyolia ikiwa imekaa vizuri na inavyolia ikiwa imelegea.

Kazi haijaisha. Njia ya kusini bado inafyekwa na mataruma yanabadilishwa, na namba 18, iliyo changa kuliko zote kwa miaka yake mia na kitu, bado inasubiri zamu.

Nawapa sasa nafasi ya maswali, ila kabla ya hapo mimi nina langu kwa wazee waliochochea moto kwenye injini za mvuke. Treni inapomaliza kupanda na kuanza kushuka, maji kwenye boila yanakimbilia mbele, na lile bamba la juu ya tanuri linaweza kubaki tupu. Kule Pennsylvania walikuwa na vilima vya kutosha vya kuwafundisha. Ninyi mlipokuwa mnavuka kilele cha Mau, mlikuwa mnaongeza maji mkiwa bado mnapanda, huku mvuke unapungua na dereva anakufokea, au mlisubiri mpaka mfike juu?